Fenesi lililetwa na nani?

Hapasui fenesi mtu kabla ya kupaka kisu na viganja mafuta, maana ulimbo wake ukishaganda sabuni haiuondoi. Ujuzi huo mdogo haukuzaliwa Unguja wala Tanga. Mfenesi ni mti wa misitu ya mvua ya milima ya Ghats, magharibi mwa India, na jina lake limetoka huko huko: Wamarathi huliita tunda hilo phanas. Hata hivyo, mara kwa mara miti ya matunda ya kigeni pwani yetu huhesabiwa kuwa urithi wa Wareno. Kwa mfenesi, naona sifa hiyo wamepewa wasio wenyewe. Wareno walikuwa na neno lao, jaca, walilolichukua Kerala, ambako watu husema chakka. Garcia de Orta, tabibu Mreno aliyeishi Goa, alilieleza tunda hilo katika kitabu chake cha mwaka 1563. Mti ulipofikishwa Brazil na Wareno, neno lilikwenda nao, na Wabrazili wanasema jaca hadi leo. Sisi hatuna hata chembe ya neno hilo.

Mpinzani atasema jina si hati ya forodha. Kweli, na mfano anao: stafeli asili yake ni Amerika, lakini jina lake linafanana mno na sitaphal, neno la Wahindi la topetope. Bila meli za Wazungu, matunda ya ukoo huo yasingevuka Atlantiki. Ila mfano huo unanifaa mimi kuliko yeye. Jina halimtaji aliyeng'oa mche wa kwanza. Linamtaja aliyetukabidhi tunda na kutuambia, kwa fenesi, kwamba kokwa zake nazo huchemshwa zikaliwa. Nzito zaidi ni hoja kwamba meli za Wareno zenyewe zilitoka Goa, ambako wenyeji nao wana neno la ukoo wa phanas. Basi bendera na iwe ya Ureno. Kinywa kilichotufundisha jina kilikuwa cha Mhindi. Wala Wahindi hawakuhitaji kupewa lifti: Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, alizikuta meli zao zimeshatangulia.

Huko bara nako, Waganda wanaliita ffene. Jaca haikufika.