Mkono wa Gitaa na Nyuzi Zisizorudi

Mwimbaji mwenye koo njema haishiki noti ikakaa kimya mkononi mwake. Huitikisa kidogo, ikapanda na kushuka, na katika kutikisika huko ndimo ulimo uzuri wa sauti yake. Mpiga fidla naye aweza kufanya vivyo hivyo kwa kukitikisa kidole juu ya uzi. Ama gitaa, limewekewa vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni, navyo huikata sauti vipande vipande, kila noti na mahali pake. Wapigaji wa visiwa vya Hawaii waliukwepa mpaka huo kwa kuburura kipande cha chuma juu ya nyuzi, na sauti ile ya kuteleza iliwavutia sana watu wa Marekani katika miaka ya 1920. Basi mafundi wakajiuliza: je, gitaa la kawaida haliwezi kufanywa liimbe hivyo?

Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Clayton Orr Kauffman, aliyejulikana zaidi kwa jina la Doc, aliomba hataza ya kifaa cha kujibu swali hilo. Kilikuwa mkono wa chuma uliofungwa mahali nyuzi zinapoishia. Mpigaji akiusukuma, nyuzi zote sita hukazwa au hulegezwa pamoja, na sauti hutetemeka. Kampuni ya Rickenbacker ilikitia katika baadhi ya magitaa yake ya umeme miaka ya 1930. Kifaa kilitimiza ahadi yake nusu tu. Kulegeza nyuzi kilijua. Kuzirudisha pale zilipotoka hakikujua. Na gitaa ambalo nyuzi zake hazipatani halimfai mtu, hata likitetemeka kwa uzuri wa namna gani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwanamuziki Merle Travis alichoshwa na kifaa hicho cha Kauffman, akakipeleka kwa Paul Bigsby huko California. Bigsby alikuwa fundi wa vyuma aliyewahi kushindana katika mbio za pikipiki. Hakuridhika kukitengeneza kilichoharibika, bali alibuni chake mwenyewe: nyuzi zimezungushwa katika mhimili wa chuma, na mkono umekalia springi moja fupi na nene. Kazi yake ilikuwa safi, na hata leo magitaa hufungwa kifaa cha namna hiyo. Lakini kina adabu nyingi mno. Huitikisa sauti kidogo tu, wala hakiwezi kuiangusha chini kabisa.

Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, alitaka zaidi ya hapo. Ajabu ni kwamba mtu huyu, ambaye magitaa yake yaliubadili muziki wa dunia, hakujua kupiga gitaa. Jaribio lake la kwanza alilitupa, maana liliifanya sauti ya nyuzi ife upesi. La pili ndilo lililotoka mwaka 1954 katika gitaa liitwalo Stratocaster, na hataza yake ikatolewa mwaka 1956. Safari hii daraja lenyewe ndilo lililoinama. Lilishikiliwa na skurubu sita kwa mbele, likazivinyia kama mizani ivinyavyo juu ya makali yake. Upande mmoja nyuzi huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40. Upande wa pili, ndani ya tumbo la gitaa, springi huvuta kwa nguvu iyo hiyo. Kifaa hiki Fender alikiita tremolo, na jina hilo halikustahili, kwa kuwa tremolo ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, ambapo huku kutikisika kwa noti huitwa vibrato. Kosa limeshika, na sasa hakuna awezaye kuling'oa.

Mizani ni kitu chenye wivu. Kaza uzi mmoja, na daraja litainama kidogo, na zile nyuzi nyingine tano zitalegea. Kwa hiyo yampasa mwenye gitaa azizungukie nyuzi zote mara kadhaa hata zitulie. Uzi mmoja ukikatika, springi hushinda, na zote zilizobaki hupanda. Lakini adui mkubwa ni msuguano. Uzi hupita katika mfuo mwembamba wa kizingiti kilicho juu ya shingo kabla ya kufika kwenye kigingi chake. Mkono ukishushwa, sehemu ndogo ya uzi huteleza kuelekea kigingini. Mkono ukiachwa, sehemu ile ingepasa kurudi. Ikinasa katika mfuo, uzi hubaki umekazwa kupita kiasi. Ndiyo sababu wapigaji wenye busara husugua risasi ya penseli ndani ya mifuo ile, huuzungusha uzi mara chache tu kigingini, na huzinyoosha nyuzi mpya kwa mkono kabla ya kuziamini.

Tarehe 18 Agosti 1969, huko Woodstock, Jimi Hendrix aliupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa Stratocaster. Aliushusha mkono ule mpaka sauti zikalia kama mabomu yaangukayo, katika siku ambazo nchi yake ilikuwa vitani Vietnam. Hakuna kifaa cha Bigsby kingaliweza kusema maneno hayo. Lakini gharama yake ilikuwa dhahiri: Hendrix alizoea kupatanisha nyuzi mbele ya watu, pengine katikati ya wimbo.

Aliyeupata ufumbuzi ni Floyd Rose, mpigaji aliyekuwa na ujuzi wa kutengeneza vito na zana zake. Yeye hakujaribu kuulainisha msuguano; aliuondolea nafasi. Aliubana uzi kwa skurubu pale kwenye kizingiti, kisha akaubana darajani, ili usiwe na mahali pa kuteleza. Hataza yake ilitolewa mwaka 1979, na Eddie Van Halen akawa miongoni mwa wa kwanza kukitumia kifaa hicho. Sasa mkono uliweza kushushwa hata nyuzi zikaning'inia, na zikarudi. Ila vigingi vilikuwa vimefungiwa nje, visiweze kuurekebisha uzi uliobanwa. Ikabidi skurubu ndogo za kurekebishia ziongezwe darajani. Na uzi ukikatika jukwaani, kuutia mwingine ni kazi ya zana na subira.

Si wote waliotaka kuilipa bei hiyo. Eric Clapton, kwa mfano, alipenda sauti ya Stratocaster wala hakuuhitaji mkono wake. Akaagiza kipande cha mti kichomekwe nyuma ya daraja, lisiweze kusogea tena.