Uzamili wa hisabati ya fedha ng'ambo: Tafuta mfadhili kabla ya chuo

Na MWANDISHI WETU

KWA mhitimu wa hisabati, takwimu au fizikia ambaye hajawahi kuajiriwa katika benki, shahada ya uzamili ya hisabati ya fedha ng'ambo huonekana kuwa mlima usiopandika. Taaluma hii hufunza jinsi ya kukadiria bei na hatari za hisa, hatifungani na mikataba mingine ya masoko ya fedha kwa kutumia hesabu na kompyuta.

Vyuo vingi, kwa hakika, havishurutishi tajriba ya kazi. Anayeidai mara nyingi ni mfadhili, na hapo ndipo safari za wengi hukwama.

Chukua mfano wa Uingereza. Kozi ya Chuo Kikuu cha Oxford huchukua miezi 10 na hupima zaidi uwezo wa mwombaji katika hesabu. Lakini Chevening, ufadhili wa serikali ya nchi hiyo ulio wazi kwa Wakenya, hutaka saa 2,800 za kazi, yaani takriban miaka miwili. Kazi ya kujitolea pia huhesabiwa. Mfadhiliwa hulazimika kurejea nchini mwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Aliyehitimu juzi, basi, afadhali aanze kukusanya saa hizo kuliko kutuma ombi litakalokataliwa.

Asiyetaka kusubiri anaweza kutazama Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi karo. Hata hivyo, jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wageni kutoka nje ya Muungano wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, nacho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Munich kilianza kuwatoza 2024. Isitoshe, masomo bila karo si masomo bila gharama. Mwombaji wa viza huhitajika kuonyesha fedha za kujikimu kwa mwaka, aghalabu katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Mnamo Septemba 2024 kiasi hicho kilipandishwa hadi euro 11,904, zaidi ya Sh1.5 milioni. Familia nyingi hugundua sharti hili baada ya barua ya chuo kufika, wakati ambapo hata shamba haliuziki kwa haraka.

Karibu na nyumbani ipo taasisi ya AIMS, iliyoanzishwa jijini Cape Town mwaka wa 2003 na ambayo ina kituo Kigali, Rwanda. Uzamili wake wa mwaka mmoja ni wa sayansi za hisabati kwa jumla, si fedha pekee, lakini ufadhili wake hugharamia masomo, malazi na chakula. Aidha, Chuo Kikuu cha WorldQuant hufunza uzamili wa uhandisi wa fedha kupitia intaneti bila karo.

Pengo la tajriba nalo huzibwa kwa ushahidi. Wasomaji wa maombi hukagua kwanza alama za kalkulasi, aljebra, takwimu na nadharia ya uwezekano, kisha ustadi wa kuandika programu kwa lugha kama vile Python na C++. Benki Kuu ya Kenya huchapisha matokeo ya minada ya hati za serikali za siku 91, 182 na 364. Mwombaji aliyechukua takwimu hizo, akaeleza mwenendo wa riba na kukiri mahali ambapo kielelezo chake kilishindwa, ana jambo la kuandika katika barua yake. Mhadhiri aliyeisimamia kazi hiyo atamfaa zaidi katika barua ya mapendekezo kuliko mkurugenzi asiyemjua.

Mtihani wa GRE, unaotakiwa na baadhi ya vyuo hasa Marekani, usilipiwe kabla ya kuhakikisha kwamba chuo husika kinauhitaji. Matokeo yake hudumu miaka mitano. Ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miwili tu.