Neno "Free" na Watu wa Handeni

Mwanafunzi mmoja wa Korogwe alipewa sentensi ya Kiingereza yenye habari za watumwa, akaifasiri hivi: "Watumwa waliwekwa bure." Wenziwe walicheka. Sisi hatukucheka sana, maana kosa lile halikutoka katika uvivu. Kwa neno moja, free, Mwingereza husema habari za mtumwa aliyeachwa, na dawa isiyolipiwa, na kiti kisichokaliwa, na mtu asiye na kazi alasiri. Sisi twasema huru, bure, kitupu, ana nafasi. Tena bure yetu ina ukali wake: kazi ya bure huweza kuwa kazi isiyo na mshahara au kazi isiyo na faida, na mtu bure ni mtu asiyefaa kitu.

Hata huru lilikuwa na mwenzake. Watu wa pwani zamani walitenga muungwana na mahuru. Muungwana alizaliwa bila bwana, ana ukoo wake. Mahuru ni mtumwa aliyeachwa na bwana wake, wala watu hawakusahau upesi ya kuwa aliachwa. Kiingereza chawafunika wote wawili kwa neno lile lile.

Kwetu Handeni jambo hili si la kamusi tu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi, wakisukumwa na njaa, walifika pwani wakauzwa, wakapelekwa kwa majahazi hata nchi ya Wasomali. Huko wengi walitoroka wakaingia misitu ya mto Juba, wakalima, wakashika Kizigua chao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitoka 1922. Lakini watoro hawa hawakungoja sheria wala hati ya mtu. Basi tuwaiteje? Mahuru si jina lao, maana hakuna bwana aliyewaacha. Sisi twawaita waungwana walionyang'anywa uungwana wao, wakajirudishia wenyewe.

Somalia ilipoharibika kwa vita 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, na tangu 2003 wengi walipewa makao Chogo, wilayani Handeni. Baadaye wengi wakapata uraia. Kizigua chao chasikika na Mzigua wa hapa.

Daftari ya yule mwanafunzi tuliisahihisha. Penye bure tuliandika huru, kisha tukasita, tukamwita tumwulize ni watumwa gani aliokuwa akiwasema.