Pesa ya Kuchelewa Haikuwa Kwenye Sheria

Wasee, sheria ya Ulaya namba 261 ya 2004, ile hutajwa ndege ikichelewa, haikusema popote kwamba ukicheleweshwa ulipwe pesa. Fidia ilikuwa ya safari ikifutwa ama ukinyimwa kiti. Ukicheleweshwa, ni chakula, na hoteli ikibidi. Kampuni zikapata mwanya: sisi hatujafuta, tumechelewa tu.

Mwaka 2005 familia moja ilitoka Toronto na Condor, ikafika Frankfurt masaa 25 baadaye. Masaa 25! Hiyo kweli ni kuchelewa? Wakaenda kortini. Novemba 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua: ukifika umechelewa masaa 3 au zaidi, unadai kama aliyefutiwa safari, labda kampuni ithibitishe sababu isiyo ya kawaida, nje ya uwezo wake. Zaidi ya kilomita 3,500 ni euro 600. Chini ya masaa 4, wanaweza kukata nusu.

Kwetu sasa: kutoka Amsterdam kuja Nairobi, kampuni yoyote inabanwa, hata Kenya Airways. Kutoka Nairobi kwenda Amsterdam, inabanwa ya Ulaya pekee. Njia ni ile ile, usiku ule ule kwa benchi, lakini haki inategemea rangi ya ndege. Mimi hiyo imenikataa.