Mlima si Dawa

Kibong'oto, jirani na Sanya Juu katika miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro, pana hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Zama hizo dawa ya maradhi hayo haikuwapo. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Tiba ilikuwa hewa ya mlimani, chakula, mapumziko na umbali. Mgonjwa alitengwa na watu wake, nao wakabaki kungoja.

Fikra ya kwamba umbali huponya haikuishia kwenye kifua kikuu. Heroini ilipoingia miji ya mwambao wetu katika miaka ya 1980, na sindano kushika kasi kuelekea mwaka 2000, familia nyingi ziliikimbilia fikra hiyo hiyo. Kwanza huwa ni kuficha: redio imetoweka, jirani huambiwa ipo kwa fundi. Kisha ni kufuli milangoni. Yakishindikana yote, kijana hupakiwa basi. Wa mjini Unguja hupelekwa shamba. Wa Dar es Salaam mwenye kwao Siha hupandishwa Sanya Juu kwa babu yake, akate majani ya ng'ombe, mbali na maskani na kete.

Wazazi hao si wa kulaumiwa, kwani mwanzoni huiona faida. Alosto hutesa siku chache, kisha hupoa. Kijana hula, hunenepa, hucheka. Hapo ndipo penye hatari. Mwili uliopumzika umekwisha kupoteza uzoefu wa unga, ilhali uchu haujafa. Akirudi mjini akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi huweza kukatika. Familia iliyodhani imemwokoa humzika.

Historia ya Kibong'oto yenyewe ina funzo. Dawa zilipopatikana, umbali ulipoteza thamani yake. Mwaka 2006 Tanzania ilianza kumpa mgonjwa wa kifua kikuu hiari ya kumezea dawa nyumbani, chini ya uangalizi wa mtu aliyemchagua mwenyewe, ambaye aweza kuwa ndugu yake. Jamaa waliokuwa wakingoja mbali wakawa sehemu ya tiba.

Kwa heroini, njia hiyo ilifunguka Muhimbili mwaka 2011, methadoni ilipoanza kutolewa, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa miezi, pengine kwa miaka. Kazi ya familia basi si kumsafirisha, bali ni kumwamsha asubuhi, kumtafutia nauli, kumrudishia imani kidogo kidogo, na kumpokea tena akiteleza.

Ni kazi isiyo na fahari, na majirani wataiona. Lakini aibu iliyofichwa huzaa msiba usiofichika. Mlima hutoa hewa safi na maji baridi. Anayeshuka kutoka huko bado anahitaji mlango ulio wazi na mtu wa kumsindikiza kliniki kesho yake.