Sendwe alitaka kuwa munganga

Bandugu, kabla ya historia niseme ukweli: huu mwaka wa kwanza wa biomedikali umekaribia kunishinda. Niliwaza nitagusa wagonjwa. Nikakuta fizikia, biolojia, kemia, na tena kemia. Kutoka kwetu Kinsevere mpaka mjini ni kilomita kama 30, vumbi njia yote. Mtihani wa kemia ukaniangusha. Yaya yangu akaniambia: "Weye, achana na ile mambo. Kuja ku mine, mwisho wa mwezi unakamata franka." Nilikuwa tayari kumsikiliza.

Kilichonisimamisha ni jina. Hapa Lubumbashi wote tunalisema: "mama analala Sendwe", "naenda stage Sendwe". Kwetu ni lupitalo tu. Siku moja nikajiuliza, huyu Sendwe alikuwa nani?

Jason Sendwe alizaliwa 1917 upande wa Kabongo. Wengi wanamjua kama mkubwa wa Balubakat, aliyeuawa Albertville, Kalemie ya leo, mwezi wa 6 mwaka 1964. Lakini alipokuwa kijana alitaka kuwa munganga. Akili hazikumkosa. Katika Kongo ya Wabelgiji hakukuwa na chuo kikuu hata kimoja cha kumfundisha udaktari. Basi akashika kazi ya uuguzi.

Na ile haikuwa bahati mbaya. Tangu 1936 kulikuwa na shule kule Léopoldville, lakini ilikuwa ya kutoa wasaidizi wa munganga. Watu wale walipima damu, walichoma sindano, walitibu vijiji vizima. Cheti chao kikabaki chini ya cha mzungu. Lovanium ilifunguliwa 1954. Chuo cha Élisabethville, ndicho UNILU yetu, 1956. Sasa piga hesabu mwenyewe: udaktari ni miaka 7 hivi, uhuru ni tarehe 30 mwezi wa 6, 1960. Siku ile nchi nzima haikuwa na munganga Mkongomani hata mmoja!

Waganga wazungu wengi walipokimbia, OMS ikapeleka makumi ya wale wasaidizi Ufaransa wamalizie udaktari. Watu wazima, wenye miaka mingi ya kazi, wakarudi kukaa ku benchi na vijana. Nikifikiria hivyo, kuanguka kemia mara moja inakuwa kitu kidogo. (Si kidogo sana, lakini.)

Nkambo yangu anaita kila mtu mwenye koti nyeupe munganga, hata mfagiaji. Zamani nilimcheka. Leo naelewa: katika utoto wake aliyemgusa mkono alikuwa muuguzi mweusi, na munganga mwenyewe alikuwa mzungu anayepita.

Sesheni ya pili ni mwezi wa 9. Yaya bado anapiga simu kila Jumapili. Namwambia angojee kwanza, niko kwenye asidi na besi.