Kutoweka kwa Sedani Kubwa Zilizoundwa Australia

Tarehe 20 Oktoba 2017, kiwanda cha Holden kilichokuwa Elizabeth, karibu na Adelaide, kilifungwa baada ya Commodore ya mwisho kukamilika. Ford ilikuwa imefunga kiwanda chake cha Broadmeadows mwaka mmoja kabla, na Toyota kile cha Altona wiki chache tu kabla ya hapo. Mara nyingi tukio hilo huelezwa kuwa tokeo la sera ya serikali. Makala haya yanatoa hoja kwamba sera iliondoa kinga tu. Walioiacha sedani kubwa ni wanunuzi wenyewe.

Sedani hiyo ilikulia katika soko lililolindwa. Holden ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1948; Falcon ya Ford ikaanza kuundwa nchini humo mwaka 1960, na Commodore mwaka 1978. Katikati ya miaka ya 1980 ushuru wa forodha kwa magari ya nje ulikuwa asilimia 57.5. Baada ya mageuzi yaliyoasisiwa na Waziri John Button, ulipungua hatua kwa hatua hadi asilimia 15 mwaka 2000, 10 mwaka 2005 na 5 mwaka 2010.

Hata hivyo, ushuru pekee hauelezi anguko hilo. Commodore iliongoza kwa mauzo miaka 15 mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2010, yaani katika kipindi kile kile ambacho kinga ilikuwa ikipunguzwa. Kilichobadilika ni mahitaji. Wanunuzi walihamia kwenye magari madogo, ya SUV na pikapu, nyingi zikitoka Thailand bila ushuru. Hata Territory, SUV ambayo Ford iliizindua mwaka 2004 kwa msingi wa Falcon, ilivutia familia ambazo zingenunua Falcon. Mauzo ya Falcon yalishuka kutoka zaidi ya 70,000 mwaka 2003 hadi chini ya 7,000 mwaka 2014.

Gharama za kiwanda cha magari hufidiwa kwa wingi wa uzalishaji, na wingi huo haukuwezekana tena katika soko dogo lililogawanyika. Thamani kubwa ya dola ya Australia nayo ilidhoofisha mauzo ya nje. Hivyo, uhuru mpana zaidi wa mnunuzi kuchagua uliambatana na hasara iliyoangukia miji michache, Elizabeth ukiwa mmojawapo, ambako ajira ya kiwandani ilikuwa imelea familia kwa vizazi.